Mwanasayansi Naye Anahitaji Kungwi

Miaka kadhaa iliyopita, mkufunzi msaidizi mmoja alinijia ofisini na andiko lake la kuomba fedha za utafiti. Alikuwa binti aliyesoma katika shule ya kata ambako kemia ilifundishwa kwa michoro ya chaki ubaoni, kwa kuwa maabara haikuwepo. Chuoni alihitimu akiwa kinara wa darasa lake. Aliniomba jambo moja tu: nilisome andiko lile kabla hajalituma. Nikamwahidi kulipitia ndani ya wiki, nikaliweka juu ya rundo la mitihani. Nilipolifungua, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku tisa. Hakunilaumu. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akaajiriwa benki.

Nalisimulia kosa hili kwa sababu ni langu, lakini si langu peke yangu. Ndivyo vyuo vyetu vinavyowapoteza wanasayansi chipukizi: bila ugomvi na bila barua ya kufukuzwa, kwa kuwaacha tu wajitafutie njia.

Haki itendeke: Serikali imefanya mengi katika kuwafikisha vijana mlangoni. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, Samia Scholarship inawasomesha wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi. Mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umejenga maabara na kusomesha wahadhiri. Swali langu linahusu kinachotokea baada ya mlango kufunguliwa. Duniani kote, wanawake ni takriban theluthi moja tu ya watafiti, na pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa majengo pekee.

Mkufunzi msaidizi akiajiriwa hukabidhiwa vipindi vya semina, mamia ya karatasi za kusahihisha na usimamizi wa mitihani. Hakuna anayemweleza namna ya kulitambua jarida la kitapeli linalochapisha chochote mradi umelipa. Hakuna anayemwonyesha jinsi ya kumjibu mhakiki mkali bila kukata tamaa, namna ya kuandaa bajeti ya utafiti, au la kufanya jina lake linapowekwa mwishoni mwa makala aliyoiandika yeye. Maarifa haya hayamo katika kitabu chochote cha kiada. Hupitishwa kwa mdomo, na aghalabu hupitishwa jioni, penye vinywaji, baina ya wanaume waliosoma pamoja. Mwenye mtoto mchanga nyumbani hayupo pale. Kijana mwenye ulemavu hawezi kupanda ngazi za kufika pale. Aliyetoka kijijini, asiye na ndugu hata mmoja aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, hajui hata kwamba pale pana darasa.

Wapo wenzangu wanaosema: "Sisi hatukulelewa na mtu, mwenye uwezo atapenya." Nawaheshimu, lakini kumbukumbu zao zina mapengo. Kila aliyepenya alikuwa na mtu aliyemfungulia dirisha. Chukueni mfano wa Wangari Maathai. Mwaka 1966 alirejea Kenya kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili katika biolojia na ahadi ya kazi chuoni Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kuwa jinsia na kabila lake ndivyo vilivyomponza. Profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyempa kazi katika idara changa ya anatomia ya mifugo, kisha akamhimiza kwenda Ujerumani kuendelea na masomo. Mwaka 1971 Maathai akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Dunia inamkumbuka kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi namkumbuka pia kwa mwaka 1966, kwa kuwa akili yake ilikuwa ileile siku alipofungiwa mlango na siku alipofunguliwa mwingine. Kilichobadilika ni kumpata mtu wa kumshika mkono.

Wala wazo hili si geni kwetu. Jamii zetu hazikumwacha mwari aingie utu uzima peke yake. Alipewa kungwi, na kungwi aliwajibika mbele ya jamii kwa yale aliyoyafunza. Tulijua kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwamba ada ya ulimwengu ni kubwa. Ajabu ni kwamba tulipojenga vyuo vikuu tuliliacha jambo hili nje ya geti.

Lipo pingamizi jingine ambalo sitalipuuza. Uhusiano wa mkubwa na mdogo, nyuma ya mlango uliofungwa, umekuwa kichaka cha rushwa ya ngono, uovu uliopigwa marufuku na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini ulezi wa siri umo vyuoni tayari, na ndiko uovu huo unakojificha. Dawa yake ni ulezi wa wazi, ulioandikwa, wenye walezi zaidi ya mmoja.

Mfano tunao karibu. Mpango wa AWARD, wenye makao yake Nairobi na ulioanza mwaka 2008, humkutanisha mwanasayansi mwanamke wa kilimo na mlezi mwenye uzoefu. Naye mwanasayansi huyo hutakiwa kumlea chipukizi mwingine. Mnyororo huo vyuo vyetu vinaweza kuuiga bila kusubiri mfadhili.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkufunzi msaidizi apewe walezi wawili kwa barua rasmi, mmoja wao akitoka nje ya idara yake, ili asiwe mateka wa mtu mmoja. Pili, saa za ufundishaji na usahihishaji zipunguzwe katika miaka yake miwili ya mwanzo, apate muda wa kuandika. Tatu, na hili ndilo zito, ulezi uhesabiwe katika kupandisha vyeo. Leo mhadhiri hupanda zaidi kwa makala alizochapisha kuliko kwa vijana aliowainua. Tunavuna tunachokipima. Tukiendelea kupima makala pekee, tutapata wahadhiri wenye makala nyingi na idara zisizo na warithi.

Tangu siku ile, andiko la kijana likifika mezani kwangu halilali siku tatu. Hilo ni toba ya mtu mmoja, na haliwezi kuwa mfumo. Siku nikistaafu, litaondoka nami. Yule binti, naambiwa, amepandishwa cheo benki na anafanya vizuri sana. Namfurahia kwa dhati. Lakini utafiti aliotaka kuufanya ulihusu maji ya visima vya kijijini kwao, na hadi leo hakuna aliyeufanya.