Fremu ya Kaboni na Mazoea ya Kukisia

Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika mjini Kigali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufika katika bara la Afrika. Waliosimama kando ya vilima vya mji ule waliwaona mabingwa wakipita juu ya fremu zilizoundwa kwa nyuzi za kaboni na gundi badala ya chuma. Mtu wa Afrika Mashariki amezoea tangu zamani kuipima baiskeli kwa chuma chake: ile ya mizigo, yenye uzito wa karibu kilo 20, huitwa imara, na ile nyepesi hutiliwa shaka. Si ajabu basi kwamba kaboni imezusha mabishano. Wako wanaosema kuwa ni plastiki ya matajiri, itakayokatika siku isiyotazamiwa. Na wako wanaoamini kwamba kitu kikiwa kipya na chepesi hakina budi kuwa bora. Rai zote mbili zinatazama mahali pasipo na tatizo.

Tatizo lenyewe huonekana wazi zaidi katika baiskeli ya milimani kuliko ile ya barabarani. Baiskeli ya namna hii ilizaliwa katika wilaya ya Marin, California, katika miaka ya 1970, pale vijana walipokuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za matairi manene. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu iliyokusudiwa hasa kwa kazi hiyo, nayo ilikuwa ya chuma. Kaboni ilifuata katika miaka ya 1980. Siku hizi viwanda vya Uchina, na hasa vya mji wa Xiamen, humuuzia mtu binafsi fremu ya kaboni isiyo na jina la kampuni mashuhuri, kwa bei iliyo sehemu ndogo tu ya ile ya fremu yenye jina. Mnunuzi hupokea sanduku lenye fremu tupu. Magurudumu, breki, gia, usukani na kiti huvitafuta mwenyewe na kuviunganisha mwenyewe. Kwa maneno mengine, kiwanda kimemkabidhi mnunuzi nusu ya uhandisi. Unafuu wa bei umetoka hapo kwa kiasi kikubwa, na hatari nyingi hutoka hapo hapo.

Ili kulifahamu jambo hili yafaa kuitazama mada yenyewe. Unyuzi mmoja wa kaboni una kipenyo cha kiasi cha elfu 7 za milimeta, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya unywele. Ukivutwa kwa urefu wake hukataa kurefuka sawa na chuma cha pua au zaidi kidogo. Ilhali nyuzi hizo zikisha kushikwa kwa gundi ya epoksi, sentimeta moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1.6 hivi, na ya chuma cha pua ina gramu 7.8. Lakini sifa hizo ni za upande mmoja tu. Aliyewahi kupasua mwanzi anajua kwamba hupasuka upesi kwa urefu wake na ni mgumu kukatwa kwa kupingiwa. Kaboni nayo ni hivyo hivyo: nguvu ikija kwa upande usio na nyuzi, inayoipokea ni gundi peke yake. Kwa sababu hiyo fundi wa kiwandani hutandika matabaka ya nyuzi kwa pembe mbalimbali, kila mahali kwa kadiri ya nguvu anayoitazamia. Nguvu asiyoitazamia ni ile ya kibano kilichokazwa kupita kiasi juu ya bomba jembamba. Chuma kikionewa hupinda, na mwenye macho huona. Kaboni haipindi; huvumilia kimya, kisha hufanya ufa, na pengine ufa huo huanzia ndani.

Sasa na tuitazame spana. Bolti za shingo ya usukani na za kibano cha kiti, katika fremu nyingi za namna hii, huandikwa kikomo cha nyutoni-meta 5 hivi. Mwanafunzi aliyekwisha soma somo la momenti anaweza kupiga hesabu: mkono ulio sentimeta 10 kutoka kwenye bolti watakiwa uvute kwa nyutoni 50 tu, yaani uzito wa kilo 5, mzigo mdogo wa sokoni. Fundi mwenye kifua, akishika spana ya sentimeta 15 na kuvuta kwa nyutoni 200, nguvu asiyoihesabu kuwa jitihada, amefikisha nyutoni-meta 30, mara sita ya kikomo. Wala zile 5 zisidharauliwe. Bolti yenye kipenyo cha milimeta 5 ikikazwa kwa kiasi hicho huvutika kwa nguvu inayokaribia nyutoni 5,000, kana kwamba imening'inizwa nusu tani, na nguvu yote hiyo hulikaba bomba. Katika chuma, mazoea ya kukaza mpaka mkono ukatae hayakuleta hasara kubwa, na mafundi hodari wa barazani wameishi kwa mazoea hayo bila aibu yoyote. Mkono wao si mbaya. Umefunzwa na mada nyingine.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kununuliwa, kabla ya gia na kabla ya mapambo yoyote, ni spana yenye kipimo. Wako vijana wanaotumia fedha kwa bolti za titani ili kupunguza gramu chache, kisha wakazikaza kwa kukisia. Huo ni ubadhirifu mtupu. Na asiye na spana hiyo hajanyimwa njia. Katika maabara nyingi za shule mna mizani ya springi. Ikifungwa kwenye spana ya kawaida kwa umbali uliopimwa, na kuvutwa kwa pembe mraba mpaka isome nyutoni zinazotakiwa, kipimo kimepatikana, na somo la momenti limetoka ubaoni.

Kemia nayo imo. Nguzo ya kiti ikiteleza ndani ya fremu, wengi hukimbilia kuikaza zaidi, na hapo ndipo mabomba mengi hupasuka. Aghalabu chanzo ni grisi ya kawaida iliyopakwa kwa nia njema. Kaboni hutaka malai yake yenye chembechembe laini za mchanga, ambazo huongeza msuguano hata kibano kikatosheka na nguvu ndogo. Malai hayo yana faida ya pili. Kaboni hupitisha umeme; ikigusana na alumini mahali penye maji ya chumvi, viwili hivyo hufanya seli, na alumini ndiyo inayoliwa. Oksidi inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyopotea, ikaibana nguzo ndani ya fremu kama kabari. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, mahali ambapo upepo wenyewe una chumvi, afadhali aitoe nguzo hiyo kila baada ya miezi michache, aipanguse na kuipaka upya, kuliko kuja kuikata kwa msumeno.

Lakini hakuna linalomkosesha mwenye baiskeli ya namna hii usingizi kama mlio. Fremu ni uwazi wenye ngozi ngumu, mithili ya ngoma. Sauti ndogo ya bolti moja kavu hukuzwa hata ikasikika kama kitanda cha kamba, na mwenyewe huamini kwamba fremu inavunjika. Dawa ya mlio si kufungua kila kitu kwa pamoja na kupaka grisi kila mahali, kwa maana hata ukinyamaza, chanzo hakitajulikana, na utarudi. Hubadilishwa jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mwendeshaji asimame juu ya pedali: mlio ukiisha, kiti na nguzo yake vishukiwe. Aache kukanyaga na kuiacha baiskeli ishuke yenyewe: mlio ukiendelea, pedali na mikono yake haihusiki. Asimame chini, abane breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma: likisikika gongo, beringi za usukani zimelegea. Huu ndio utaratibu wa jaribio la kisayansi, na ni vigumu kupata kifaa bora cha kuufundishia, maana jibu husikika kwa sikio.

Mara nyingi mashtaka huishia kwenye tundu la ekseli ya pedali. Katika fremu kadhaa beringi za mahali hapo hushindiliwa bila skurubu ndani ya tundu la milimeta 41, na tundu hilo likiwa si duara kwa sehemu moja ya kumi ya milimeta, unene wa karatasi, litalia maisha yake yote. Anayenunua kwa fedha chache achague fremu yenye tundu la skurubu. Itakuwa nzito kwa gramu chache, na zina thamani yake.

Haki yataka isemwe pia kwamba faida ya wepesi hukuzwa mno. Fremu ya kaboni ya aina hii, isiyo na springi nyuma, ina kilo 1 hadi 1.5, ya alumini yaweza kuizidi kwa nusu kilo, pungufu ya chupa moja ya maji. Mwenye fedha chache hupata zaidi kwa matairi mazuri na breki za kuaminika. Na kwa mtu anayebeba gunia la mkaa au mikungu ya ndizi, kaboni haina nafasi kabisa. Haina pa kufungia mzigo, na chuma kitabaki kuwa mwenzi wake kwa sababu zilizo za kifizikia, wala si za umaskini.

Kwa yule aliyekwisha kuinunua, yamebaki mawili. Baada ya safari chache za kwanza bolti zote zipimwe tena, kwani rangi na malai hujikalia na bolti hulegea. Na baiskeli ikianguka juu ya jiwe, fremu igongwegongwe kwa sarafu, taratibu, kutoka mahali pazima kuelekea palipopigwa, kama anunuaye chungu sokoni anavyokigonga kabla ya kutoa fedha. Mlio mkali ukigeuka ghafla kuwa mzito, matabaka yameachana chini ya rangi, ijapokuwa rangi yenyewe haina hata mkwaruzo; na fremu hiyo isipandwe tena mpaka ikaguliwe na mjuzi wa kaboni.