Nyumba ya Sukari na Mikono Iliyoijenga

Mpwa wangu aishiye California, huko Marekani, ameniandikia barua yenye swali. Binti yake yuko darasa la nne, na katika darasa hilo watoto wa jimbo lile husomeshwa habari za misheni za Kihispania. Mwalimu amemtaka kila mtoto ajenge mfano wa misheni moja, kama ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi: kuta za vipande vya sukari, paa la tambi zilizopakwa rangi nyekundu, na msalaba juu yake. "Mjomba," auliza mpwa wangu, "nimsaidie kujenga tu, au nimwambie na yaliyotendeka ndani?"

Msomaji mpenzi, swali hili ni la kila mzazi. Wahenga walinena udongo uwahi ungali maji, na mtoto wa miaka tisa ndio udongo wenyewe.

Misheni hizo zilikuwa 21. Ya kwanza ilianzishwa San Diego mwaka 1769 na ya mwisho Sonoma mwaka 1823. Kiongozi wa mwanzo alikuwa Padri Junípero Serra, Mfransisko wa kisiwa cha Mallorca. Lakini waliokanyaga udongo, wakapiga matofali na kuinua kuta walikuwa wenyeji: Wakumeyaay, Waohlone, Wachumash na wenzao. Mwenyeji akisha kubatizwa hakuwa na hiari ya kurudi kwao apendapo. Akitoroka, askari walitumwa wakamrudishe, na viboko vilimngoja. Mwaka 1775 Wakumeyaay waliichoma misheni ya San Diego na kumwua Padri Luis Jayme. Mwaka 1806 surua iliingia katika misheni za San Francisco ikaua watu wengi, hasa watoto. Katika misheni ya mji huo wamezikwa wenyeji zaidi ya 5,000. Kwenye nyumba ya sukari makaburi hayo hayamo.

Wako watakaosema kwamba mtoto mdogo asilishwe machungu. Nami nawauliza: je, mtoto wa Kiohlone aliyeketi dawati lile lile, ambaye mababu zake ndio waliozikwa pale, yeye ajenge nini? Jimbo lenyewe, katika mwongozo wake wa masomo wa mwaka 2016, lilieleza kuwa mifano hiyo haimsaidii mtoto kuelewa zama zile, na kwamba inawaudhi watu wengi.

Hata hivyo sitaki mpwa wangu amjaze binti yake chuki. Padri Serra alisafiri hadi Mexico mwaka 1773 kuwashitaki askari waliokuwa wakiwadhulumu wenyeji. Padri huyo huyo alitetea kuchapwa viboko kwa hao aliowaita wanawe. Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2015. Wengine walishangilia, na wenyeji wengi wakalalamika. Yote mawili mtoto aweza kuyasikia, mradi asemeshwe kwa lugha ya umri wake.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu hakuwa na msamaha kwa herufi iliyorukwa. Alituambia ukiiacha moja, neno lageuka maana. Historia nayo ni hivyo hivyo.

Nami nikiandika haya, dhamiri imenigeukia. Ngome yetu ya Mombasa, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593 na Wareno, wakati Ureno ikitawaliwa na mfalme wa Uhispania, Filipo wa Pili. Nimewapeleka wajukuu zangu pale mara nyingi, nikawasimulia habari za Yusuf bin Hasan: jinsi alivyochukuliwa Goa angali mtoto, akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, na jinsi alivyorudi, akaiteka ngome mwaka 1631. Hapo mimi huishia, na wajukuu hupiga makofi. Sijapata kuwaambia kuwa miongoni mwa waliouawa siku zile walikuwamo wanawake na watoto wa Kireno, na Waafrika wenzetu waliokuwa wamebatizwa. Kumbe mimi pia nimekuwa nikijenga kwa sukari!

Basi jibu langu kwa mpwa wangu ni hili. Mwanao usimnyime kazi yake ya shule. Ajenge, lakini kwa udongo na majani makavu, apate kuujua uzito wa tofali moja. Kandoni mwa kanisa aweke vibanda vya wenyeji na uwanja wa makaburi. Tena amweleze mwalimu kwamba Waohlone na Wachumash hawakutoweka. Wako hadi leo, na lugha zao wanazifufua. Ikiwezekana, umpeleke akawasikilize wenyewe.

Nami Jumamosi hii nitawarudisha wajukuu zangu ngomeni. Nina deni la nusu ya hadithi.