Kabla ya Kupanda Nyasi, Ulizeni Udongo Umetoka Wapi



Leo tuweke pembeni mitandio na hina. Tangu tuonyeshe picha za uwanja wetu wa nyasi hapa Geita, maharusi wanatuuliza kila siku: mahala penyewe mteremko, mawe matupu, zile nyasi mlizipataje? Tutasema. Lakini tutasema zaidi juu ya kitu ambacho kwenye picha hakionekani, nacho ni udongo ulio chini ya zile nyasi, kwa sababu tunaona wengi wenu mnakwenda kufanya kosa ambalo sisi tulibakisha kidogo tu tulifanye.

Sisi ni mtu na wifi yake. Tunashona magauni ya maharusi, na nyuma ya chumba cha kushonea kuna kiwanja kinachoteremka kutoka ukuta wa jiko hadi kwa jirani. Geita ni mji wa vilima. Ukipiga jembe, kabla shibiri moja haijatimia umeshagonga jiwe. Mtu wa Makunduchi angedhani yuko maweni kwao, ila jiwe la huku ni zito, jekundu linaloingia weusi, lina chuma ndani yake. Tulitaka pahala pa wanawake peke yao, bi harusi asingwe kivulini, watoto watambae, na adhana ikiingia tutandike mikeka pale pale.

Fundi wa mwanzo alituambia tulete greda, tukwangue kila kitu kiwe sawasawa, halafu tumwage kifusi. Tulikubali, tulikuwa na haraka ya harusi ya Desemba. Greda likafanya kazi asubuhi moja. Likachukua ule udongo mwekundu mchache tuliojaaliwa, likausukumia ukingoni, likatuachia mwamba. Ikaja mvua ya Novemba usiku. Asubuhi mama jirani wa chini alibisha hodi, akatuamkia kwa Kisukuma kama kawaida yake, "Mwangaluka," halafu akatuonyesha ndoo. Maji ya kisima chake yalikuwa kama chai ya maziwa. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Tulilipa vijana wakafukua kisima, tukampelekea maji siku tatu, na hapo ndipo tulipotambua kwamba chochote tutakachokiweka juu kwetu, yeye ndiye atakayekinywa.

Basi tukaanza upya kwa sululu na mtaimbo. Mawe tuliyong'oa hatukuyatoa nje, tuliyapanga yakate mteremko: kingo tatu, kila moja ikifika magotini, zikipita kukingama na wala si kushuka na ardhi. Usawa tuliupima kwa ule mpira mwangavu wenye maji wanaotumia mafundi wa nyumba, maana jicho hudanganya sana kwenye mteremko. Nyuma ya kila ukingo tukajaza kokoto ili maji yapenye taratibu yasiusukume ukuta. Mwamba mkubwa uliokataa tuliuacha ulipo. Akija mtu kukwambia awashe matairi juu yake ili upasuke, mfukuze. Moshi ule utakaa kwenye mashela yako mpaka Ramadhani. Kazi hii ilituchukua wiki nne. Kupanda nyasi zenyewe ni siku mbili.

Likabaki suala la udongo. Nyasi zinataka kama inchi 6 za udongo tifutifu juu ya mwamba, na wetu mwingi ulishakwenda kisimani. Akaja mtu na lori. Ana mchanga laini, hauna hata kijiwe, nusu ya bei ya udongo wa shambani. Tuliushika kwa mikono, laini kama unga wa sembe. Tulifurahi, jamani. Tukamwambia amwage.

Kibarua wetu mmoja, kijana aliyewahi kuosha dhahabu mwaloni, alichota konzi moja, akaisugua kwa vidole, akasema, "Dada zangu, huu si mchanga wa mtoni. Haya ni marudio."

Kwa mlioko visiwani, marudio ni hivi. Mawe ya dhahabu ya wachimbaji wadogo husagwa kwenye karasha mpaka yawe unga. Unga huoshwa kwa maji, dhahabu iliyonaswa hushikwa kwa zebaki, na unga unaobaki ndio marudio. Mara nyingi huuzwa kwa wenye mitambo ya sianidi, nao hutoa dhahabu iliyosalia. Mwisho unabaki mlima wa unga ambao mtu anatamani tu uondoke mbele ya macho yake. Ndani yake mna zebaki iliyopotea wakati wa kazi, na pengine arseniki pia, maana sehemu nyingine za ukanda huu mwamba wa dhahabu una arseniki kwa asili yake. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni, na kinachodhurika ni ubongo unaokua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haupandi lori kukagua mzigo.

Majibu yenu tunayajua, tumeshayasikia sebuleni kwetu. Ati mbona watu wanajengea nyumba na hawafi. Ati hiki ni kiwanja cha picha, si shamba la mchicha. Tofali limefungwa kwa saruji, hakuna anayelilamba. Uwanja wa nyasi ni kitu kingine kabisa. Mtoto anatambaa juu yake, anachimba kwa kidole, anatia kinywani. Kiangazi cha Juni hadi Septemba nyasi zinakonda na vumbi linapanda kwenye mikeka tunayosujudia. Na mvua ikirudi, njia ya kwenda kisimani kwa yule mama maji yanaijua. Hatusemi kila lori lina sumu, wala hatusemi mtu ataanguka siku ya harusi. Tunasema kwa macho huwezi kujua, na anayeuza hana sababu ya kukwambia.

Kisa kinachotutisha ni cha Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Mawe ya dhahabu yaliletwa majumbani, na wanawake wa Kiislamu, wengi wao wakikaa ndani kwa desturi ya kwao, wakayaponda na kuyakausha uani ili wapate kipato. Ni kazi ya halali kabisa, sisi tungeifanya. Mawe yale yalikuwa na madini ya risasi kwa wingi, vumbi likatua kwenye udongo wa ua, watoto wakachezea. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Pamoja na dawa, ilibidi udongo wa nyua zile ukwanguliwe na kuletwa mwingine safi. Sumu yao ilikuwa risasi na hapa tunazungumzia zebaki, hatuvichanganyi. Lakini ua ni ule ule wa mama na mtoto, na udongo hauna harufu.

Tuliwalipa vijana wakaupakia tena ule mchanga, mwenye lori akaondoka nao huku akitutolea maneno. Harusi ya Desemba ilifanyika ukumbini, bi harusi akanuna, na hapa wapenzi tuwaambie ukweli. Sehemu ya tatizo hili ni sisi wenyewe, wenye maduka ya harusi, na nyinyi maharusi. Tunataka kijani ndani ya wiki tatu. Ukimpa fundi wiki tatu kwenye mteremko wa mawe, ataleta udongo ulio karibu na ulio rahisi, na katika mji wa dhahabu, ulio karibu na ulio rahisi ni marudio. Kuanzia hapa Geita mpaka Kahama ni hivyo hivyo.

Udongo wetu hatimaye ulitoka kwenye rundo lililobaki ukingoni, ambalo tulilichekecha siku nne, na kwenye shamba la mtu tunayemjua. Tulikwenda wenyewe na mabuibui yetu, tukasimama tukaona unapochimbwa, mbali na karasha na mialo. Tukachanganya na samadi ya ng'ombe iliyokaa msimu mzima, na samadi Usukumani haitafutwi kwa tochi. Mwenye shaka na udongo wake asikisie: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mwanza, aulize kwanza gharama ya kupima zebaki na arseniki. Mume akisema ni fedha nyingi, mkumbushe bei ya keki.

Nyasi tulipanda Januari mvua ikiwa imeshika, vipande vya ukoka kwenye jua, na kivulini yale majani mapana ambayo wauza miche huyaita Pemba. Tulicheka sana. Kutoka Unguja mpaka Geita kuja kununua Pemba! Mama jirani, ambaye sasa ndiye msimamizi wetu, alituamuru tufunge mlango. Wasukuma wana ngitili, kipande cha malisho kinachofungiwa msimu wa mvua ili nyasi zipumzike, na kwa desturi hiyo mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliirudishia uhai ardhi kubwa iliyokuwa imeshaanza kuitwa jangwa. Basi hata sisi hatukukanyaga mpaka Mei. Wateja walipimwa magauni barazani, wakilalamika.

Ukingo wa juu kabisa bado ni mwamba mtupu. Udongo haukutosha, na hatutauongeza mpaka samadi ya mwaka huu ioze. Tumetandika kanga juu yake, na maharusi wawili wa mwezi uliopita, nyasi zote zile zikiwa mbele yao, walichagua kukaa hapo.