Mtoe mwanao nje kabla jua la Berlin halijaondoka

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa dada mmoja anayeishi Berlin, Ujerumani. Alifika huko mwaka jana na watoto wawili, wakimfuata mumewe ambaye anafanya kazi ya zamu kwenye ghala. Ameniomba nisimtaje jina, nami sitamtaja. Nitatoa tu sehemu ya ujumbe wake iliyoninyima usingizi.

"Dada, huku shule zimefungwa wiki sita. Baba yao akirudi kazini ni kulala. Mimi na watoto tunashinda ndani, kila mtu na simu yake. Jumamosi moja tulikuwa kwenye treni, nikampigia mama yuko Tanga. Mwanangu wa miaka tisa akanivuta nguo, akaniambia kwa Kijerumani, mama usiongee hiyo lugha hapa, watu wanatutazama. Nikakata simu. Tangu siku hiyo sijawatoa tena. Na kutoka kwenyewe kunataka hela. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, pole. Mimi niliishi mji huo miaka minane na wanangu wamekulia huko, kwa hiyo hapa sikupi ya kusoma vitabuni. Majira yangu ya kwanza ya joto nilifanya kama wewe. Nilisubiri kwanza nijue Kijerumani, kwanza tupate pesa, kwanza tuzoee. Nikashtuka ni Oktoba, na jua ndilo limeshaondoka. Sasa hivi Berlin jua linazama saa tatu usiku na ushee. Ikifika Desemba litazama kabla ya saa kumi alasiri, na hapo hata ukitaka kutoka, baridi itakurudisha mlangoni.

Wewe umeniuliza kuhusu wikendi, lakini mimi nimesikia mambo mawili. La kwanza ni upweke. La pili ni kwamba mwanao ameanza kuionea haya lugha ya mama yake. Usimgombeze kwa hilo. Mtoto wa miaka tisa anataka kufanana na wenzake, basi. Mpe sababu ya kujivunia, na sababu hiyo, amini usiamini, iko nje ya mlango wako.

Anza na mifupa ya Lindi

Wikendi ya kwanza mpeleke Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, yaliyopo mtaa wa Invalidenstraße. Ukiingia ukumbi mkubwa utakutana na mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa, urefu wake zaidi ya mita 13. Ndiyo mifupa ya dinosaria mirefu kuliko yote iliyosimamishwa katika makumbusho duniani. Na mifupa hiyo ni ya kwetu. Ilichimbwa kilima cha Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913.

Wazungu wawili, Janensch na Hennig, ndio walioandikwa sana vitabuni. Lakini waliochimba walikuwa mamia ya watu wetu, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Tani zaidi ya 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Wakati huo Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika miaka michache tu nyuma, na kusini kulikuwa na njaa na makaburi mapya. Mwambie mwanao hayo, kwa kipimo cha umri wake.

Siri ya ziara hiyo ni moja. Mwache yeye akusomee maandishi ya Kijerumani, kisha wewe umweleze yasiyoandikwa: Lindi ni wapi, watu wake wanakula nini, mtu anabebaje mzigo kichwani siku nne. Binti yangu alipokuwa na umri huo alilisoma jina la Tendaguru kwa ulimi wa Kijerumani, nikamrekebisha. Akanitazama kwa mshangao. Siku zote katika mji ule yeye ndiye aliyekuwa akinirekebisha mimi, dukani, shuleni, kwa daktari. Siku ile kwa mara ya kwanza mimi nilikuwa na neno ambalo yeye hana.

Kiingilio kipo, na Jumatatu wanafunga. Kama mfuko umebana, kumbuka makumbusho ya serikali yaliyo chini ya Staatliche Museen zu Berlin hayatozi watoto walio chini ya miaka 18. Na nikutahadharishe: ukisikia kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho mengi ni bure, hiyo ni habari ya zamani. Utaratibu huo uliisha mwishoni mwa mwaka 2024.

Mitaa yenye majina yetu

Wikendi ya pili huhitaji kiingilio chochote. Panda treni ya U6, shuka Afrikanische Straße, tembea na watoto. Utakuta mtaa wa Zanzibar, Sansibarstraße, na mtaa wa Usambara, Usambarastraße. Wewe mtu wa Tanga, mpige picha mwanao chini ya kibao cha Usambara umtumie bibi yake.

Hapo hapo palikuwa na barabara iliyoitwa Petersallee. Waliosoma historia shuleni wanamjua Karl Peters tuliyemwita Mkono wa Damu. Kwa miaka mingi Waafrika wanaoishi Berlin pamoja na Wajerumani waliowaunga mkono walidai jina hilo liondolewe. Agosti 2024 likaondolewa, na sehemu moja ya barabara hiyo leo inaitwa Maji-Maji-Allee. Mwanao ataona neno "maji" kwenye kibao cha serikali ya Ujerumani. Muulize maana yake. Atakujibu, nawe hutakuwa na haja ya kuongeza hotuba.

Siku nyingine nendeni upande wa Neukölln, mshuke Hermannplatz. Mwendo wa dakika chache kuna Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, ni Lucy Lameck wetu, mzaliwa wa Kilimanjaro, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia serikalini baada ya uhuru. Mtaa huo zamani ulikuwa wa Wissmann, yule aliyetumwa na Wajerumani kuizima vita ya Abushiri pwani, na ulibadilishwa jina mwaka 2021. Ukitoka hapo unaingia moja kwa moja bustani ya Hasenheide, yenye viwanja vya kuchezea na sehemu ya wanyama.

Chapati na mkeka vinatosha

Sasa tuje kwenye hela. Mdogo wangu, Wajerumani wenyewe wanatoka na chakula nyumbani. Hakuna atakayekucheka ukifungua chombo chenye chapati na mayai ya kuchemsha. Chukua kanga kuukuu ya kukalia, chupa za maji, maandazi, umemaliza.

Kutoka Hasenheide ukivuka barabara ya Columbiadamm unafika Tempelhofer Feld. Ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ukafunguliwa kwa wananchi. Una zaidi ya hekta 300. Mwaka 2014 wakazi walipiga kura wakakataa usijengwe. Watoto wanaendesha baiskeli na kurusha tiara pale zilipotua ndege. Kuna sehemu zilizotengwa za kuchomea nyama, na Jumapili utakuta familia za Kituruki, za Kiarabu, za Kiafrika, kila moja na jiko lake. Choma ndani ya sehemu hizo tu, na uchafu wako uondoke nao.

Jumapili maduka yamefungwa kwa sheria, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi. Wageni wengi huiona siku hiyo imekufa, kumbe ndiyo siku ya familia. Mauerpark, palipopita ukuta uliougawa mji, kuna soko la mitumba kila Jumapili. Utapata vitabu vya watoto na baiskeli kwa bei ya kuelewana. Piga bei, usione haya, hapo hata wao wanapiga.

Zipo pia sikukuu za mji za kuweka kwenye kalenda. Pentekoste kuna Karneval der Kulturen, tangu mwaka 1996, ambapo watu wa mataifa mbalimbali wanaandamana na ngoma zao. Juni 21 kuna Fête de la Musique, muziki mitaani bila kiingilio. Kwa mwaka huu hizo zimekupita, ziandike kwa mwaka ujao. Iliyobaki ni Usiku Mrefu wa Makumbusho, mwishoni mwa Agosti, tiketi moja kwa makumbusho mengi hadi usiku wa manane. Huo ni wa watu wazima zaidi, nitaurudia chini.

Kuhusu nauli, mwanafunzi anayesoma Berlin ana kadi ya kusafiria bila malipo, na aliye chini ya miaka sita halipi. Kwako wewe, hakikisha una tiketi. Treni za kule hazina geti, lakini wakaguzi wanavaa nguo za kawaida na faini ni euro 60. Mkitoka familia mbili pamoja, ulizia tiketi ya kikundi ya siku nzima, inabeba hadi watu watano.

Maji si mchezo

Watoto watataka kwenda ziwani, na wana haki. Schlachtensee na Müggelsee unafika kwa treni. Wannsee kuna ufukwe wa mchanga wenye waokoaji, ila unalipia. Lakini nisikilize kama dada mkubwa: maziwa yale yanaweza kuwa na kina hatua chache tu kutoka ukingoni, na wengi wetu tuliokulia pwani tunacheza na maji bila kujua kuogelea. Usimwachie mkubwa amwangalie mdogo. Nenda penye mwokoaji, na waandikishe kwenye mafunzo ya kuogelea. Kule mtoto akifaulu hatua ya kwanza anapewa beji ya Seepferdchen, na ataishona kwenye nguo yake ya kuogelea kwa majivuno makubwa. Kwa likizo ulizia Super-Ferien-Pass, pasi ya watoto inayowaingiza mabwawa ya jiji.

Jambo jingine usije ukasema sikukuambia. Ziwani utawakuta watu wazima, hata wazee, wamejilaza hawana nguo. Kwao ni desturi ya siku nyingi, hawana nia mbaya. Usipige kelele, usicheke, wala usitoe simu kupiga picha. Sogea mita 100 mbele utande kanga yako. Mimi mara ya kwanza niliwafunika wanangu macho kwa taulo, wakajikwaa wote wawili.

Na shemeji je?

Hapa nasema na baba kupitia kwako. Shemeji, zamu tunazijua, na kodi ya nyumba ya Berlin tunaijua. Hakuna anayekudai kila wikendi. Toa Jumamosi moja kwa mwezi, iandikwe ukutani, isiuzwe kwa zamu ya ziada. Mtoto hatakumbuka ulileta euro ngapi mwezi wa saba. Atakumbuka nani alimshikia baiskeli siku ya kwanza pale Tempelhofer Feld. Na ule usiku wa makumbusho wa Agosti, tafuteni familia ya kuaminika iwakalie watoto, mtoke wawili tu. Ndoa nazo ughaibuni hukauka kwa kukaa ndani.

Familia hiyo ya kuaminika mtaipata vipi? Kwa kutoka. Ukikaa kwenye nyasi unaongea Kiswahili, ipo siku mtu atageuka na kusema, "Habari zenu?" Mimi rafiki yangu mkubwa, Mkongo wa Bukavu, nilimpata hivyo, nikimwita mwanangu aache kula mchanga. Ila usijifungie kwa Waswahili pekee. Jirani Mjerumani ukimkaribisha chapati, wikendi ijayo atakuja na keki.

Na tafadhali, picha za ziwani zisiende zote kwenye status. Ukionekana unastarehe kila Jumamosi, wa nyumbani watajua mambo yamenyooka, na maombi ya ada yataanza kabla nywele hazijakauka.

Sikudanganyi kwamba safari moja itamaliza yote. Mwaka uliofuata binti yangu bado aliniomba nipunguze sauti dukani. Nilipunguza sauti, lakini lugha sikuibadilisha. Leo ana miaka 19, na yeye ndiye anayempigia bibi yake simu akiwa ndani ya treni, tena kwa sauti kuliko mimi.

Kwa hiyo Jumamosi hii, mdogo wangu, pika maandazi, washike mkono, pandeni treni. Mkishakaa, mpigie mama Tanga umalizie yale mazungumzo uliyoyakata. Mwanao akikuvuta nguo, mpe simu amsalimie bibi.

Tukutane wiki ijayo.