Goti na Mzigo Wake

Mkulima wa Mazingara, Handeni, akilalamikia goti lililolika gegedu, lililo jepesi ni kumpa diklofenaki. Dawa hiyo hutuliza maumivu. Gegedu hairudishi, na ikimezwa miezi mfululizo huchubua tumbo na kudhuru figo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa kilo nne kila hatua. Na mwaka 2024 semaglutaidi, sindano ipunguzayo uzito, ilionekana kupunguza maumivu hayo kwa wanene. Vema, lakini wako wagonjwa wembamba, wanawake hasa, wajitwikao ndoo za lita 20. Mzigo wao hauko mwilini, uko kichwani, wala hauondolewi kwa sindano. Bomba la maji jirani na nyumba zao lihesabiwe katika matibabu.