Maoni: Usalama wa boti unaanzia chini ya maji

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi, iliyojaa watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma. Kila mara boti inapozama, kinachozungumziwa kwanza ni makoti ya kuokoa. Hayo ni ya lazima, lakini yanamsaidia mtu aliyekwisha kuanguka majini. Inafaa kuuliza kwanza boti yenyewe imeundwa na kupakiwa namna gani.

Contessa 32, mashua ndogo ya tanga iliyoundwa Uingereza, inatoa somo. Ina urefu wa karibu mita 10 tu na mwili wa faiba. Lakini karibu nusu ya uzito wake ni madini mazito yaliyowekwa chini kabisa, ndani ya mkuku. Upepo ukiilaza, uzito huo unaisimamisha tena. Mwaka 1979, dhoruba iliua mabaharia 15 katika mashindano ya Fastnet. Katika kundi la mashua ndogo zaidi, moja tu ilimaliza: Assent, Contessa 32.

Boti za Kivu hazihitaji tanga. Zinahitaji kanuni ileile: magunia chini, abiria wasizidi idadi, na mkaguzi bandarini anayeweza kusema: hii haiondoki.