MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wahenga wa Mwambao waliojenga makaburi ya Kunduchi walipachika mabakuli ya Kichina katika nguzo zake. Katika magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, vyombo vya Kichina vimepatikana pia. Ni dhahiri basi kwamba pwani hii ilifanya biashara na Mashariki kabla Mreno hajaiona. Wahenga hao walipokea mali ya mgeni wakiwa wenye nyumba, si wapagazi wake.

Leo taifa linawaita tena watu wa Mashariki, safari hii kama watalii. Mwaka 2024 filamu ya kuitangaza Tanzania ilizinduliwa Beijing. Shirika la Ndege limefungua njia za Mumbai na Guangzhou. Mwaka huohuo wageni walioingia nchini walizidi milioni 2. Juhudi hizi zastahili pongezi, kwa maana nchi isiyo na wanunuzi ila wa Ulaya na Marekani hupangiwa bei na wanunuzi hao.

Lakini hapana budi kuuliza: akifika Bagamoyo, mgeni huyu atapokewa na nani? Mtalii aliyelipia kila kitu kwa wakala wa kwao kabla ya kupanda ndege, akateremshwa kwenye Caravanserai, akapiga picha mbili tatu na kurudishwa hotelini Dar es Salaam kabla ya chakula cha mchana, ameuachia mji nini zaidi ya vumbi la basi?

Wako wanaojibu kwamba sheria imekwisha maliza jambo hili. Ni kweli kwamba Amri ya Serikali ya Julai 2025 imewakataza wasio raia kufanya kazi ya kuongoza watalii. Amri hiyo ni ya haki. Hata hivyo, sheria haimfundishi mtu lugha. Kijana wa Bagamoyo asiyejua Kichina wala Kihindi atakaa kimya kando ya mkalimani aliyekuja na wageni, naye atakuwa kiongozi kwa jina, mtazamaji kwa kazi. Haki ya namna hiyo ni kibao cha duka lisilo na bidhaa.

Hasara yake si ya fedha peke yake. Kwa miaka mingi wageni wa Ulaya wameonyeshwa mahali mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874, kana kwamba mji mzima ulijengwa ili kumpokea maiti huyo. Kasumba hiyo isirithishwe kwa wageni wapya. Wahindi na Wachina wanaijua nira ya ubeberu. Waelezwe habari za misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Ziwa Tanganyika ikaishia hapa. Waelezwe habari za Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 hata akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mkalimani wa kukodiwa hawezi kuyasimulia hayo kwa uchungu wa mwenye mji.

Wako pia wanaouchukia utalii wote. Mwaka 1970 magazeti ya Dar es Salaam yalijaa mjadala kama utalii unapatana na Ujamaa, na wengi waliogopa kwamba mwananchi angegeuzwa mtumwa wa starehe za wengine. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini dawa yake si kufunga mlango, bali ni kumpa mwenyeji ufunguo.

Wachina wenyewe wametoa mfano. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wa Tanganyika. Hawakungoja waitwe, walijifunza lugha ya waliotaka kuzungumza nao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha Kichina kupitia Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013. Yafaa mafunzo hayo yafike Bagamoyo, yasiishie kwenye mikataba ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, inayofundisha ngoma na maigizo tangu mwaka 1981, iandae wasimulizi wa historia. Nao waongoza wageni, wenye mashua na mama lishe waunde ushirika wao, ili wakala wa nje alazimike kupatana na mji, si na mtu mmoja mmoja mwenye njaa.

Chama, kilicholea siasa ya Kujitegemea, kina wajibu wa kuisimamia kazi hii. Mgeni na aje, lakini apone mwenyeji, si dalali.